Mtoto Asiyeona Jioni: Upungufu wa Vitamini A Unavyoanza Machoni

Mpenzi msomaji, hebu tuanze somo letu la leo uani, wakati jua limekwisha kutua na taa bado haijawashwa. Watoto wanakimbizana. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka mitatu hivi, ambaye mchana kutwa ndiye aliyekuwa akiongoza mchezo, sasa ameketi kando ya mlango na hataki kuinuka. Akiitwa kula anatembea amenyosha mikono mbele, anakanyaga mwiko, anajikwaa kwenye figa. Akiwekewa sahani anaipapasa. Mama, kwa uchovu wa siku, anamkemea: "Kwani huoni?"

Kweli haoni. Lakini asubuhi yake mtoto huyo huyo anaweza kuokota sindano iliyoanguka mchangani, na hii ndiyo sababu wazazi wengi hawashtuki. Husema mtoto ana usingizi wa mapema, au ni mwoga wa giza, au amedeka tu. Siku zinapita, wiki zinapita, na tatizo ambalo lingetibiwa kwa kidonge kimoja au viwili na chakula bora linaachwa lizidi.

Hali hiyo huitwa upofu wa usiku. Kwa watoto wadogo wa nchi kama yetu, sababu yake kubwa ni upungufu wa vitamini A mwilini. Nimeanzia uani makusudi badala ya hospitalini kwa kuwa ni pale uani, saa ya magharibi, ambapo mtu asiye daktari anaweza kuugundua ugonjwa huu mapema. Mtoto akifikishwa hospitalini kioo cha jicho kikiwa kimekwisha kuoza, daktari hana uwezo wa kumrudishia jicho lile alilozaliwa nalo.

JICHO LINAVYOONA GIZANI

Je, umewahi kutoka juani saa saba za mchana ukaingia ndani ya nyumba yenye giza? Kwanza huoni kitu. Ukisubiri dakika chache unaanza kutambua kiti, kisha meza, kisha mtu aliyeketi pembeni. Katika dakika hizo chache jicho lako lilikuwa likifanya kazi inayohitaji vitamini A.

Nyuma kabisa ya jicho, kwa ndani, mna utando mwembamba uitwao retina, na ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Retina ina chembechembe za aina mbili. Moja hufanya kazi penye mwanga mwingi na kutambua rangi. Nyingine, zenye umbo la vijiti, hufanya kazi penye mwanga hafifu kama ule wa mbalamwezi au koroboi. Vijiti hivi vina rangi ya zambarau iitwayo rodopsini, ambayo mwili huitengeneza kwa kutumia vitamini A. Mwanga ukiifikia rangi hiyo, huvunjika, na kule kuvunjika ndiko kunakozusha habari inayopelekwa kwenye ubongo. Kisha rangi hutengenezwa upya. Mtu aliyekuwa juani amevunja rodopsini nyingi, na kwa hiyo hana budi kungoja ijengeke tena ndipo aone gizani. Sasa, ikiwa vitamini A ni haba, rangi hiyo haijengeki ya kutosha hata mtoto angoje usiku kucha.

Akiba ya vitamini A mwilini huwekwa katika ini. Ini ni kama ghala. Mtu mzima ambaye amekula vizuri kwa muda mrefu anaweza kukaa miezi mingi bila kupata vitamini hii, kwa kuwa ghala lake limejaa. Mtoto mchanga, kinyume chake, huzaliwa na akiba ndogo sana. Tegemeo lake ni maziwa ya mama, hasa dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano ambayo hadi leo kuna nyumba ambamo hukamuliwa na kumwagwa kwa madai kuwa ni machafu. Rangi ile ya manjano yenyewe ni dalili ya utajiri uliomo. Ayamwagaye anamnyang'anya mtoto akiba yake ya kwanza.

Ila kazi ya vitamini A haiishii gizani. Ndiyo inayoziweka hai na zenye unyevu ngozi zote laini za ndani: utando unaofunika weupe wa jicho, njia ya hewa hadi mapafuni, utumbo, njia ya mkojo. Ikikosekana, ngozi hizo hukauka na kuwa ngumu, na vijidudu hupata pa kupenya. Machoni twaweza kuliona jambo hilo kwa macho yetu wenyewe. Katika mapafu na utumbo halionekani, lakini lipo vilevile, na tutaona hivi punde madhara yake ni makubwa kiasi gani.

UGONJWA UNAVYOENDELEA

Baada ya upofu wa usiku, dalili inayofuata kwa kawaida ni kukauka kwa ule utando unaofunika weupe wa jicho. Jicho lenye afya hung'aa kama limelowa. Jicho hili hufifia, likawa kama ukuta uliopakwa rangi isiyo na mng'aro, na pengine hufanya mikunjo midogo. Kisha huweza kutokea mabaka ya rangi ya kijivu au nyeupe, yanayofanana na povu la sabuni lililokauka, mara nyingi upande ule wa jicho ulio karibu na sikio. Huitwa mabaka ya Bitot, kwa jina la daktari wa Ufaransa, Pierre Bitot, aliyeyaeleza mwaka 1863. Ukiyapangusa hutoka, lakini hurudi. Hayamuumizi mtoto. Nalo hili ni jambo la kusikitisha, kwani kama yangemuuma angelia, na kama angelia angepelekwa hospitalini.

Hadi hapo hakuna kilichopotea. Mtoto akipewa vitamini A wakati huu, mara nyingi huanza kuona jioni ndani ya siku moja au mbili. Ni tiba chache sana zinazofanya kazi kwa kasi hiyo.

Asipopewa, ukavu hufika kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele kinachofunika mboni. Kioo hupoteza mng'aro, kikawa kama dirisha lililopigwa na mvuke. Hii ni hali ya hatari kubwa, na mzazi anayeiona asingoje kesho. Kutoka hapo hadi kidonda kutokea kwenye konea, na kidonda hicho kuifanya konea kulainika na kuyeyuka, ni suala la siku chache, na wakati mwingine ni saa tu. Jicho likipona baada ya hapo hubaki na kovu jeupe lisilopitisha mwanga, au hupasuka na kunywea kabisa. Mara nyingi huwa ni macho yote mawili.

Nakuomba uzingatie, msomaji, kwamba si kila mtoto hupitia hatua hizi zote kwa utaratibu. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye hajaanza kutembea hawezi kujikwaa, basi upofu wake wa usiku hautaonekana. Nyumba yenye taa ya umeme nayo huuficha. Zaidi ya hayo, mtoto aliyedhoofika sana, au aliyepatwa na ukambi, huweza kuruka kutoka macho yanayoonekana mazima hadi kidonda cha konea kwa muda mfupi mno.

Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa kati ya watoto 250,000 na 500,000 duniani hupofuka kila mwaka kwa upungufu wa vitamini A, na kwamba nusu yao hufariki katika muda wa miezi 12 baada ya kupoteza macho. Hebu isome tena sehemu ile ya pili. Watoto wale hawauawi na upofu. Wanauawa na kuharisha, na homa ya mapafu, na ukambi, yaani na yale maradhi yanayoingia kupitia zile ngozi za ndani zilizokauka.

UPOFU WA KUKU

Nchini Indonesia upofu wa usiku huitwa *buta ayam*, maana yake upofu wa kuku, kwa kuwa kuku jua likitua hana ujanja ila kupanda kitulio chake. Ni katika nchi hiyo ambako daktari wa macho Mmarekani, Alfred Sommer, aliwafuatilia maelfu ya watoto wa vijijini katika kisiwa cha Java kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Haja yake ilikuwa macho. Lakini alipozikagua hesabu zake aligundua jambo ambalo hakulitarajia: watoto waliokuwa na upofu wa usiku au mabaka ya Bitot, dalili ambazo madaktari waliziita hafifu, walikuwa wakifa kwa kiwango cha wastani mara 4 kuliko wenzao wenye macho mazima. Wala haikuwa kwa sababu ya wembamba wa mwili pekee. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1983.

Wengi hawakusadiki. Ndipo yeye na wenzake wakafanya jaribio katika vijiji 450 vya jimbo la Aceh, nusu ya vijiji watoto wakapewa vidonge vya vitamini A na nusu wakangoja. Mwaka 1986 walieleza kuwa vifo katika vijiji vilivyopata vidonge vilikuwa vimepungua kwa takriban thuluthi moja. Tafiti nyingine zilizofanywa baadaye katika nchi mbalimbali zilipata manufaa madogo kuliko hayo, hasa mahali ambapo lishe ilikuwa imeimarika na chanjo zimeenea. Lakini huo ndio ulikuwa mwanzo wa vile vidonge ambavyo mtoto wako hupewa kliniki.

UKAMBI NA MACHO

Ikiwa utasahau mengine yote katika ukurasa huu, usisahau sehemu hii.

Ukambi, au surua, huwa na madhara mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, virusi vyake hushambulia zile zile ngozi laini tulizozitaja, pamoja na konea yenyewe. Pili, homa na kuharisha hula akiba ya vitamini A iliyosalia katika ini, huku mtoto mwenye vidonda mdomoni akikataa kula. Mtoto aliyekuwa na akiba kidogo lakini ya kutosha, katika juma moja hubaki hana kitu. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1987 uliwahusu watoto 130 wenye vidonda vya konea, na zaidi ya thuluthi moja yao vidonda vyao vilihusishwa na ukambi uliowapata karibuni. Katika baadhi ya hao, kilicholeta madhara hakikuwa ukambi peke yake bali dawa za kienyeji zilizotiwa machoni.

Hapa sina budi kusema wazi. Kuna desturi, katika sehemu nyingi za nchi hii, ya kumkamulia mtoto mwenye ukambi maji ya majani machoni, au kumtilia mkojo, au maziwa ya mama anayenyonyesha. Anayefanya hivyo huwa na nia njema. Pengine ndivyo alivyofanyiwa yeye na nyanyake. Lakini konea ya mtoto mwenye ukambi ni kama ngozi iliyoungua. Majani yenye ukali huichoma, na mkojo na uchafu wa vidole huingiza vijidudu. Jicho la mtoto mwenye ukambi huoshwa kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa na kitambaa safi, basi. Kingine chochote kitoke hospitalini. Aidha, mtoto huyo asinyimwe mayai, nyama wala mboga kwa kudhaniwa kwamba vitazidisha vipele. Huo ndio wakati anaovihitaji zaidi.

Jambo la kushangaza ni kwamba habari za vitamini A na ukambi zilijulikana zamani, kisha zikasahauliwa. Mwaka 1932, jijini London, daktari aitwaye Ellison aliwagawa watoto 600 wenye ukambi katika makundi mawili. Kundi moja la watoto 300 lilipewa dawa yenye vitamini A kwa wingi, lile jingine halikupewa. Walikufa 11 katika kundi la kwanza, na 26 katika kundi la pili. Baada ya hapo ukambi ulipungua makali Ulaya, watu wakala vizuri zaidi, na matokeo yale yakafunikwa na vumbi kwa zaidi ya miaka 50. Ni mwaka 1987 ambapo jaribio kama hilo lilichapishwa kutoka Tanzania, safari hii likihusu watoto 180 waliolazwa kwa ukambi. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walifariki 6, na kati ya 92 ambao hawakupewa walifariki 12. Tangu hapo ushahidi umeongezeka, na sasa Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto mwenye ukambi apewe vitamini A siku mbili mfululizo. Mwenye umri wa chini ya miezi 6 hupewa yuniti 50,000 kila siku, wa miezi 6 hadi 11 yuniti 100,000, na wa mwaka mmoja na zaidi yuniti 200,000. Macho yakiwa na dalili zozote tulizozitaja, hupewa kipimo cha tatu baada ya wiki kadhaa.

Kwa hiyo ukimpeleka mtoto mwenye ukambi hospitalini na ukarudishwa na dawa ya homa pekee, uliza kwa heshima: "Daktari, na vitamini A je?" Si utovu wa adabu kuuliza.

Bora zaidi, bila shaka, ni mtoto kutougua kabisa. Chanjo ya ukambi hutolewa bila malipo hapa Kenya akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Ile ya pili ndiyo wengi huisahau.

CHAKULA CHENYEWE

Vitamini A iliyo tayari kutumika hupatikana katika vyakula vya wanyama: maini, mayai, maziwa yasiyoondolewa mafuta, na samaki wadogo waliwao wazima kama omena. Wamisri wa kale waliwapa maini watu wasioona usiku, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, bila kujua neno vitamini. Kipande kidogo cha maini mara moja kwa juma, kwa mtoto aliyekwisha kuanza kula, kina vitamini A nyingi kuliko rundo la mboga.

Najua wengi mtasema maini ni ya wenye pesa. Basi tuje kwa mimea. Mboga za majani za rangi ya kijani iliyokolea, na matunda na mizizi yenye rangi ya machungwa ndani, vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mchicha, ambao wengine huuita terere, managu, saget, majani ya kunde, majani ya maboga na sukumawiki vyote vimo. Maembe na mapapai yaliyoiva, karoti na maboga, vilevile. Tusijidanganye hata hivyo: mwili huigeuza sehemu ndogo tu ya karotini hiyo, na usipopata mafuta hata sehemu hiyo hupotea. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi peke yake itamshibisha mtoto bila kumfaa sana machoni. Kijiko kimoja cha mafuta katika sufuria hubadilisha mambo. Mboga pia isipikwe hadi ikapoteza rangi, wala isianikwe kwenye jua kali. Anayetaka kukausha akaushe kivulini. Karoti ya kupikwa na kupondwa humfaa mtoto kuliko mbichi.

Nikitaja karoti, naona nijibu swali ambalo huulizwa sana: je, karoti humfanya mtu aone usiku kama paka? La. Uvumi huo ulienezwa na Waingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, walipodai kuwa marubani wao waliziangusha ndege za Wajerumani usiku kwa sababu ya kula karoti. Siri yao ilikuwa rada. Karoti humsaidia aliyepungukiwa na vitamini A. Aliye nayo ya kutosha haongezewi kitu, na anayehitaji miwani ataendelea kuihitaji.

Kilicho muhimu zaidi ni kufahamu vyakula visivyo na vitamini hii. Ugali wa mahindi meupe hauna. Wali mweupe hauna, muhogo mweupe hauna, viazi vya mviringo havina. Mtoto anaweza kushiba vyakula hivyo kila siku, akanenepa, na ghala lake likawa tupu. Mahindi ya manjano yana karotini kiasi, lakini waliokuwa watu wazima wakati wa njaa ya 1984 wanakumbuka jinsi tulivyoyabeza yale ya msaada tukisema ni chakula cha ng'ombe, na hadi leo ni wachache wanaoyataka mezani.

Viazi vitamu vimepata bahati nzuri zaidi. Vile vyeupe ndani karibu havina karotini kabisa, ilhali vya rangi ya machungwa vinayo tele: kiazi kidogo cha gramu 125 hivi kinatosha mahitaji ya siku ya mtoto wa chekechea. Kazi ya kuvieneza Afrika ilitambuliwa mwaka 2016 kwa Tuzo ya Chakula Duniani, ambayo mmoja wa walioshinda alikuwa mtaalamu wa Uganda, Robert Mwanga. Hapa kwetu kuna mbegu kama Kabode na Vita, na mzazi mwenye kipande cha shamba chenye upana wa chumba anaweza kupanda mche mmoja baada ya mwingine na kuwalisha watoto kwa miezi. Boga nalo lina faida ambayo twaisahau: likivunwa limekomaa hukaa miezi bila kuharibika, hadi ule wakati maembe yamekwisha na mboga zimekauka.

Tangu 2012 sheria za Kenya zinataka mafuta ya kupikia na unga wa mahindi na ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe vitamini. Hilo limesaidia, lakini anayesaga mahindi yake kwenye kinu cha posho hapati nyongeza hiyo. Mafuta ya kupimiwa nayo, yakianikwa juani kwenye chupa inayopenya mwanga mbele ya kibanda, hupoteza vitamini A siku baada ya siku. Nunua yaliyowekwa penye kivuli.

Ndugu zetu wafugaji wana shida ya namna yake. Katika kaunti kama Turkana na Marsabit maziwa ndiyo chakula, na ndiyo vitamini A. Mvua ikikosekana majani mabichi hukauka, maziwa hupungua na hata yaliyopo huwa na vitamini hafifu. Katika ukame wa 2020 hadi 2023 mifugo ilikufa kwa wingi na watoto wakabaki kutegemea mahindi na maharagwe ya msaada. Katika hali kama hiyo kuhubiri maembe na karoti ni kuwafanyia watu mzaha. Kinachowafaa watoto hao ni vidonge.

VIDONGE VYA BULUU NA VYEKUNDU

Kila mtoto nchini anastahili kupewa vitamini A kila baada ya miezi 6, tangu atimizapo miezi 6 hadi afikishe miaka 5, bila malipo. Wa miezi 6 hadi 11 hupewa kidonge cha buluu cha yuniti 100,000. Wa mwaka mmoja na zaidi hupewa chekundu cha yuniti 200,000. Kidonge hukatwa ncha kwa mkasi na mafuta yaliyomo hukamuliwa mdomoni. Akiba hiyo hukaa katika ini miezi kadhaa, kisha huisha, na ndiyo maana mara moja haitoshi. Isitoshe, mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Mei na Novemba, huwa kuna wiki za Malezi Bora ambapo wahudumu hutoa vidonge hivi hata kwenye shule za chekechea.

Tatizo ni kwamba akina mama wengi huacha kwenda kliniki chanjo zikiisha. Mtoto wa miaka mitatu, yule tuliyemwacha uani, hana chanjo ya kumrudisha huko. Kifungue kijitabu chake leo hii uitazame sehemu ya vitamini A. Ikiwa mara ya mwisho ilikuwa zaidi ya miezi 6 iliyopita, mpeleke.

Usinunue vidonge hivi ukampa mwenyewe, wala usidhani vitatu ni bora kuliko kimoja. Vitamini A ikizidi ni sumu: huleta kutapika na kuumwa na kichwa, na huliumiza ini. Mama mjamzito hasa asiguse kidonge chekundu, kwani wingi huo unaweza kumlemaza mtoto tumboni. Hata hivyo wajawazito nao hupatwa na upofu wa usiku, zaidi katika miezi ya mwisho, na wengine huudhania kuwa ni mambo ya kawaida ya mimba. Si ya kawaida. Mama wa namna hiyo aseme kliniki, naye atapewa vipimo vidogo vinavyomfaa.

Yafaa pia ieleweke kwamba si kila ugonjwa wa macho ni upungufu wa vitamini. Macho yanayowasha na kutoa machozi, kope zinazogeuka ndani, mtoto anayesogeza kitabu puani, hayo yana sababu nyingine. Mboni inayong'aa nyeupe kama jicho la paka penye taa inahitaji daktari wa macho mara moja, kwani huenda ikawa uvimbe. Na ikiwa mtoto amepewa vitamini A ipasavyo na bado haoni usiku, huenda ana ugonjwa wa kurithi wa retina. Huyo naye apelekwe kwa daktari wa macho.

Leo jioni basi, kabla ya kuwasha taa, mtazame mtoto wako anavyotembea. Mwangushie kitu anachokipenda hatua chache mbele yake umwambie akiokote, kisha umlinganishe na wenzake wa umri wake. Akipapasa, kesho asubuhi mpeleke kwenye zahanati iliyo karibu, na ukifika usiseme tu kwamba "ana shida ya macho", kwa kuwa wakati huo wa mchana mhudumu atamtazama na kumwona mzima. Sema hivi: "Mtoto wangu haoni jua likitua." Beba kijitabu chake, na umweleze pia kama amewahi kuugua ukambi au kuharisha katika miezi ya karibuni. Atapewa vitamini A siku hiyo, siku inayofuata, na mara ya tatu baada ya majuma mawili. Ile ya tatu usiiache hata kama ameanza kukimbia uani usiku.